Allidina Visram, Tajiri wa Mali Kauli

Katika majarida ya kumbukumbu kama hili imekuwa desturi kusimulia maisha ya mtakatifu, ya mwalimu wa dini, au ya mfadhili aliyejenga ukumbi na kuchimba kisima. Safari hii tumeombwa tuandike juu ya mfanyabiashara, nasi tumemchagua mtu ambaye hata Mhindu hakuwa. Allidina Visram alikuwa Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Alizaliwa mwaka 1851 na akafariki mwaka 1916, kwa hiyo hakuna aliye hai leo aliyemwona.

Sababu ya kumchagua ni mazungumzo yetu wenyewe. Zamani, baada ya arati ya jioni, watu walikaa barazani wakazungumza bei ya mpunga, mafuriko na matengenezo ya magari. Siku hizi wanazungumza barua za udhamini. Huyu ana binti aliyeolewa Leicester, mume angali hapa, na binti anaambiwa athibitishe mshahara. Yule ana mtoto Toronto anayetaka kumchukua mama yake, naye anajaza fomu mwaka hadi mwaka. Tumeona kwamba neno hili la udhamini, ambalo vijana wetu wanadhani limezaliwa katika balozi za nchi za kigeni, lina historia ndefu katika pwani hii, na kwamba maisha ya Allidina Visram yanaionyesha vizuri kuliko sheria yoyote.

Alizaliwa Kera, kijiji cha Kutch, kilomita kama 20 kusini ya mji wa Bhuj. Wanachama wetu waliokwenda huko wanajua kwamba Kera kuna magofu ya hekalu la Shiva, lenye umri wa miaka kama elfu moja, lililobomolewa kwa sehemu kubwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1819. Mtoto wa Khoja na mtoto wa Lohana walicheza karibu na magofu hayohayo, wakazungumza Kikutchi kilekile, na kwa asili wengi wao walikuwa ukoo mmoja, kwa maana Makhoja wengi ni Walohana waliobadili dini karne nyingi zilizopita. Tunalitaja jambo hili mapema ili msomaji asishangae kuona Waismailia na Wahindu wakiandikiana madeni katika daftari moja.

Kutch ni nchi kame. Mvua ikikosa miaka miwili, mkulima huuza ng'ombe. Ikikosa mwaka wa tatu, humtoa mwana. Lakini Kutch ina bandari ya Mandvi, na kutoka Mandvi pepo za kaskazi zilisukuma majahazi hadi Zanzibar na Mrima. Allidina alivuka bahari hiyo mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 12. Mtoto wa miaka 12 hajilipii nauli. Kuna mtu mzima aliyesema kwamba nauli ya huyu iandikwe kwangu, na huo ndio udhamini wenyewe kabla haujapewa karatasi. Hakuna ofisa aliyemngoja pwani kumwuliza ana fedha kiasi gani. Swali aliloulizwa kila kijana aliyeshuka lilikuwa moja tu: wewe ni wa nani?

Alishukia Bagamoyo. Mji ule wakati huo ulikuwa mlango wa bara. Pembe za ndovu zilishuka, nguo na shanga zilipanda, na katikati walisimama matajiri wa Kihindi waliowapa wenye misafara bidhaa kabla ya safari na kulipwa baada ya marejeo, ambayo huenda yakawa mwaka wa pili au wa tatu. Allidina aliingia katika biashara ya kina Paroo, ambayo baadaye iliongozwa na Sewa Haji Paroo, mtu wa umri wake. Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jina hilo kwa sababu Sewa Haji alitoa fedha za hospitali iliyotibu watu wa kila kabila, na hadi leo iko wodi ya Muhimbili inayoitwa kwa jina lake. Yeye ndiye aliyewapatia Wazungu wasafiri wapagazi na vifaa vyao. Alifariki mwaka 1897.

Ni vema tueleze jinsi kijana alivyoishi katika duka la namna hiyo, kwa kuwa vijana wetu hudhani babu zao walishuka jahazini wakiwa na mtaji mfukoni. Desturi ilikuwa hivi. Tajiri alilipa nauli, akaiandika katika daftari upande wa deni. Kijana akapewa chakula, nguo na mahali pa kulala, mara nyingi palepale dukani kati ya magunia. Alifagia, alipima, alijifunza hesabu na Kiswahili, na kwa miaka ya mwanzo hakushika mshahara. Nauli ilipokwisha kufanyiwa kazi, alianza kuandikiwa ujira, lakini fedha zilibaki kwa tajiri. Kisha, ikiwa hakuiba, hakulewa na hakupunguza mizani, ilifika siku tajiri alimpa mzigo wa merikani, kaniki, chumvi na shanga, akamwonyesha njia ya bara, akamwambia auze kisha arudishe. Huo mzigo ndio uitwao mali kauli. Umetolewa kwa kauli, na dhamana yake ni kauli.

Allidina aliipitia ngazi hiyo yote, na alipofika juu hakuivuta nyuma yake. Kwa maoni yetu hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Matajiri wengine wa Bagamoyo walitega faida yao pwani na kungoja misafara. Yeye alipeleka maduka ndani: Saadani, Dar es Salaam, na kwa njia ya misafara hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Kila duka lilihitaji mtu wa kuaminika, na mtu wa kuaminika aliyemjua alikuwa mwana wa kijiji chake au wa kijiji jirani. Basi barua zilikwenda Kutch na Kathiawar, na nauli zikalipwa. Msaidizi mmoja akimwita ndugu yake, na ndugu akimwita shemeji, Allidina aliwaandika wote.

Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Viktoria, na ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao wa Punjab. Hawa walikuja kwa mkataba wa serikali wa miaka mitatu, wenye nauli ya kuja, nauli ya kurudi, posho na tabibu. Karibu 2,500 walifariki kazini, na waliobaki Afrika baada ya mikataba hawakufika 7,000. Watu husema mpaka leo kwamba Wahindi wa Afrika Mashariki ni wana wa vibarua wa reli. Kwa sehemu kubwa sivyo. Wenye maduka walikuja kwa nauli ya ndugu, au ya tajiri, na tofauti hiyo ni kubwa kwa habari yetu: kibarua alidhaminiwa na serikali, naye mkataba ulipokwisha serikali ilimrudisha, mwenye duka alidhaminiwa na mtu, na mtu hana tarehe ya mwisho.

Allidina aliwauzia vyakula vibarua wale, na kila reli iliposogea alisogeza duka. Aliwahi kabla ya reli yenyewe kufika Uganda, kwa maana duka lake la Kampala lilifunguliwa miaka ya mwisho ya karne ya 19, wakati mzigo ulipokuwa ungali ukichukuliwa kichwani. Kisha yakaja ya Jinja, Kisumu, Entebbe na vituo vidogo ambavyo hata leo ramani inavitaja kwa herufi ndogo. Aliweka vyombo majini katika Ziwa Viktoria, alinunua ufuta, ngozi na karanga, na zao la pamba lilipoanza Uganda aliingia katika biashara ya kulichambua. Maofisa wa serikali waliokosa rupia za kulipa mishahara walikimbilia dukani kwake. Watu walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Jina hilo lilikuwa la sifa, ingawa lilikuwa na wivu ndani yake pia.

Tunataka kukaa kidogo juu ya mali kauli, kwa sababu wasomaji wetu wengi ni wafanyabiashara na watapenda kujua hesabu ilikuwaje. Tajiri mkubwa alipata bidhaa kutoka nyumba za biashara za Mumbai na Ulaya kwa mkopo. Yeye aliwapa wenye maduka yake na wasiokuwa wake, kwa mkopo vilevile. Mwenye duka dogo alimpa mkulima jembe na nguo kabla ya mavuno, akalipwa kwa mavuno. Fedha taslimu zilionekana kwa nadra, na minyororo hiyo yote ilifungwa na kitu kimoja, yaani kujulikana. Mdogo aliyekimbia na mzigo hakuweza kurudi Kera wala Porbandar, kwa kuwa habari ilimtangulia, na dada zake hawakuposwa. Kwa hiyo dhamana halisi ya mkopo wa Jinja ilikuwa heshima ya familia kijijini, maili elfu kadhaa ng'ambo ya bahari. Hakuna benki ya leo yenye rehani kali kama hiyo.

Wahindu walifaidika na mpango huo kama Waismailia. Wakati huohuo Nanji Kalidas Mehta, Mlohana wa upande wa Porbandar, alivuka bahari kwa jahazi akiwa kijana mdogo wa miaka 13, na baadaye akawa mwenye viwanda vya pamba Uganda na kiwanda cha sukari cha Lugazi kilichoanza mwaka 1924. Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya miwa ya Kidatu na Ruhembe tungefaa kulijua jina hilo zaidi. Tunamtaja hapa ili ionekane kwamba njia ilikuwa moja: mtoto, jahazi, ndugu aliyetangulia, duka la kijijini, mkopo.

Lakini tusiandike kana kwamba yote yalikuwa sadaka. Tajiri alipanga bei ya mali kauli, na ndani ya bei ile ilikaa riba ambayo haikutajwa. Kijana aliyelipiwa nauli hakuwa huru kuondoka, na aliyemwudhi tajiri hakuwa na mahakama karibu. Mke aliyeachwa Kutch alimngoja mumewe miaka mitano, kumi, akilea mtoto asiyemjua baba yake, kwa kuwa zamu ya nauli ya mke ilikuja baada ya zamu ya mtaji. Katika masimulizi ya kifamilia tunayoyasikia kwenye sherehe, wanawake hao hutajwa kwa sentensi moja. Na chini ya minyororo yote alikuwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyechukua pembe begani, na mkulima wa Busoga aliyeuza pamba kwa bei aliyopangiwa. Pembe nyingi zilizopita Bagamoyo katika ujana wa Allidina zilikuja kwa misafara iliyoandamana na biashara ya watumwa. Mtu akitaka kujua nauli ya Kutch hadi Mombasa ililipwa na nani mwishowe, jibu linapitia mabega hayo.

Serikali nazo zilianza kuuliza maswali yao akiwa angali hai. Mwaka 1906 Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, ilitunga sheria ya kuzuia wahamiaji, na miongoni mwa waliokatazwa ni mtu asiye na njia inayoonekana ya kujikimu. Tunaona hapa swali jipya likikaa kando ya lile la zamani. Pwani walikuwa wakiuliza wewe ni wa nani; sasa waliuliza una nini. Kwa kijana aliyekuwa na jina la Allidina Visram katika barua yake, swali la pili lilijibika kwa jibu la swali la kwanza, kwa sababu hakuna ofisa wa bandari aliyeweza kudai kwamba mwajiri huyo hatamlisha mtu wake.

Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Natal ilikuwa na sheria tangu mwaka 1897 iliyomtaka mhamiaji aandike kwa lugha ya Ulaya. Machi 1913, Jaji Searle wa mahakama ya Cape alitoa hukumu iliyofanya ndoa zilizofungwa kwa dini inayoruhusu mitala zisitambuliwe, na kwa pigo moja wake wa Wahindu, Waislamu na Waparsi wakakosa haki ya kuingia kama wake. Mohandas Gandhi, aliyewahi kupita Zanzibar mwaka 1893 alipokuwa safarini kwenda Durban, alianzisha mapambano, na mkewe Kasturba akaingia gerezani mwaka huohuo wa 1913. Sheria ya mwaka 1914 iliondoa ubaya huo. Fedha, basi, haikuwa kizuizi pekee. Mtu angeweza kuwa na nauli na mdhamini, na mke wake akaambiwa si mke.

Sasa tuje kwetu. Hatujaona popote kwamba Allidina Visram alikuwa na duka katika bonde la Kilombero, na hatutamzulia. Njia za misafara ya Bagamoyo zilipita kaskazini yetu. Lakini utaratibu aliousitawisha ulifika hapa kwa miguu ya wengine. Reli ya Kati ilipokwisha kupita Kilosa, wenye maduka walishukia hapo, wakaja kusini kwa njia mbovu, na mwisho kwa mitumbwi ya Wandamba, ambao hapana aliyeujua mto kama wao. Walikuja kununua mpunga. Waliwauzia Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wandamba nguo, chumvi na majembe, nao walichukua mali hiyo kwa mkopo kutoka Kilosa, Morogoro na Dar es Salaam. Masika yalipofunga njia, duka na wanunuzi wake walifungiwa pamoja kwa miezi, na deni la mkulima lilingoja mavuno kama deni la mwenye duka lilivyongoja reli. Wazee wetu walikuwa wateja wa mali kauli, na watoa mali kauli, kwa siku moja.

Kila mmoja wao alikuwa na jina la mtu aliyemlipia nauli, na alilitaja kwa heshima hadi kufa. Katika nyumba nyingi za wanachama wetu jina hilo lingali likitajwa wakati wa harusi, ingawa vijukuu hawajui tena sababu. Nauli ile haikuwahi kwisha kulipwa. Aliyelipiwa naye alimlipia mwingine, na wa tatu akamlipia wa nne, na ndiyo maana familia tatu za bonde hili huenda zimetoka katika mtaa mmoja wa kijiji kimoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 sheria za kudhibiti uhamiaji zilikazwa Kenya, Uganda na Tanganyika. Vibali vikagawanywa kwa madaraja, mwenye kibali akatakiwa kuwa na mtaji au kazi isiyo na mtu mwingine wa kuifanya, na mke na watoto wakahesabiwa kuwa wategemezi wake. Tangu hapo mdhamini alikuwa na fomu. Baada ya Uhuru mambo yaligeuka upande wa pili, watu wakawa wanatoka. Azimio la Arusha la mwaka 1967, na sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha nyumba zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, viliwafanya wengi wafunge masanduku. Waliokuwa na pasi za Uingereza walikuta nako kumefungwa, kwa kuwa sheria iliyoanza Machi 1968 ilimtaka mwenye pasi awe na mzazi au babu aliyetokea Uingereza kwenyewe. Waliobaki Ifakara ni wachache, na hao ndio waliolitunza hekalu hili pamoja na majirani ambao, tuseme kweli, wamelilinda kama lao.

Leo Uingereza inamtaka raia anayemleta mume au mke athibitishe kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kilianza Aprili 2024. Kabla yake kilikuwa pauni 18,600. Mzazi hawezi kuletwa ila ikithibitishwa kwamba anahitaji uangalizi wa kila siku usioweza kupatikana nchini kwake, na mwenye afya ya kukanda chapati mwenyewe hana njia hiyo. Kanada humtaka mwana atie saini kwamba atamgharimia mzazi kwa miaka 20 katika sehemu kubwa ya nchi hiyo. Marekani humtaka mdhamini awe na kipato kinachozidi kwa robo moja kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali yao, na saini yake humfunga hata akigombana na aliyemdhamini.

Hatusemi kwamba nchi hizo zinakosea kuuliza nani atamlisha mgeni. Hata Allidina aliuliza. Kinachotusumbua ni jinsi wanavyohesabu. Katika daftari la Bagamoyo, kijana aliandikwa deni na pia aliandikwa matumaini: mikono yake ilihesabiwa, hesabu yake ilihesabiwa, na kaka zake watatu wanaoweza kusaidia walihesabiwa. Fomu ya leo inahesabu mshahara wa mtu mmoja. Tunaifahamu familia ya bonde hili ambayo mama mjane anaishi peke yake nyuma ya duka lililofungwa. Ana wana wawili na binti mmoja ng'ambo, kila mmoja na kazi yake, na wakijumlisha wanaweza kuwalisha mama kumi. Peke yake hakuna anayefikia kiwango. Basi kila mmoja hutuma fedha, jirani Mpogoro humnunulia mboga na kumpeleka hospitali ya Mtakatifu Fransisko, na katika karatasi za nchi zote tatu mama huyo hana mdhamini.

Upande mwingine wa jambo hilo uko katika ofisi ya hekalu letu wenyewe. Tukimwita pujari kutoka Gujarat, kamati ndiyo inayomdhamini. Tunaomba kibali cha kazi, kisha kibali cha ukaazi, na mke na watoto wake tunawaombea hati za wategemezi. Tunaahidi chakula, nyumba, matibabu na nauli ya kurudi, nasi tunaichangia kwa michango ileile inayonunua samli ya taa. Wakati wa mkutano mkuu huwapo wanaonung'unika juu ya gharama hizo, hasa za mke na watoto. Wazee waliokuja kwa jina la mtu hawakunung'unika, na tunaamini walikuwa na sababu. Pujari aliyeacha watoto wake Jamnagar kwa miaka mitatu huendesha ibada vizuri, lakini mkimtazama wakati wa Diwali mtaona yuko wapi.

Allidina alisafiri mpaka mwisho. Utajiri wake ulikuwa mikononi mwa watu, na mwenye mali kauli asipotembelea watu wake hupoteza mali na kauli. Akiwa na umri wa miaka 65, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, alifunga safari ya Kongo kwa ajili ya biashara yake. Alipata homa, na homa hiyo ikamwua mwaka 1916. Alikwisha kutoa kwa hospitali na kwa nyumba za ibada zisizo za dini yake, na Aga Khan alikuwa amempa cheo cha heshima katika jumuiya yao.

Mwanawe Abdulrasul alirithi matawi, mashine za pamba, vyombo vya ziwani na madaftari. Madaftari ndiyo yaliyokuwa mazito. Deni lililoandikwa kwa kauli ya mtu aliyemjua marehemu lilimtaka marehemu alidai, na vita na kuyumba kwa bei ya pamba havikusaidia. Abdulrasul alijenga Mombasa shule ya sekondari kwa jina la baba yake, ikafunguliwa mwaka 1923, na mwaka huohuo naye akafariki. Kampuni haikudumu baada yake. Shule ingalipo, yenye wanafunzi wa kila kabila na dini, na sanamu ya Allidina Visram ingali imesimama katika bustani ya Treasury Square, Mombasa. Anayetoka Ifakara kwenda kuwaona ndugu wa Mombasa anaweza kupita hapo.